Shangazi, je, mdomo wangu ndio mkosi wa nyumba yetu?

SWALI

Hujambo Shangazi?

Naomba ulibane jina langu, kwa maana mume wangu husoma safu hii na mama mkwe pia.

Nina umri wa miaka 37. Tunaishi Umoja, na Mungu ametujalia watoto wawili. Huu ni mwaka wa tisa nikiwa karani wa stoo katika duka la vipuri vya magari pale Kirinyaga Road. Mume wangu ni dereva wa lori. Halewi, hanipigi, na mshahara wake hufika nyumbani. Ni mtu wa watu. Akiingia kwenye matanga hata waliofiwa hupata nguvu ya kunywa chai. Nimeyatanguliza haya ili usimfikirie vibaya.

Shida yetu ni kwamba yeye huona kila kitu kitafaulu, nami huona kila kitu kitaharibika. Mwaka wa 2014, Wakenya walipopagawa na kware, alichukua akiba yetu ya shilingi 85,000 akanunua kware, vizimba na mashine ya kuangulia, tukawafuga kwa mama yake Limuru. Nilimwambia hiyo biashara haitatufikisha popote. Mayai ya kwanza aliyauza shilingi 60 moja, akanicheka. Kufikia katikati ya mwaka hayakuwa na mnunuzi hata kwa shilingi tano. Kware tuliwala mpaka tukawachukia.

Mwaka wa 2019 akakodi ekari moja na nusu Kajiado apande matikiti maji. Alikuwa mkulima wa simu: yeye yuko barabarani na lori, anapiga simu kuuliza yamefika wapi. Nikamwambia yatamshinda. Mvua ya mwaka huo ilianza Oktoba ikanyesha mpaka Krismasi, na matikiti yakaoza majini. Hapo zikaenda 160,000.

Nilidhani baada ya hayo angenisikiliza. Badala yake anasema mambo yalikwama kwa sababu ya maneno yangu. Kanisani kwetu tunafundishwa kukiri ushindi, kwamba ulimi huumba. Jumapili moja mwezi uliopita, ndugu zake wakiwa wamekuja kula, alisema kwa kicheko, "Mama watoto angefungua mdomo wake kwa imani hata siku moja tu, saa hii tungekuwa Runda." Wote wakacheka. Niliingia jikoni nikafungulia mfereji ili wasisikie ninalia.

Sasa ana mpango mwingine. Rafiki yake anataka washirikiane kununua matatu ya abiria 14, si mpya, ya kubeba watu kutoka huku kwetu hadi mjini. Mchango wetu ni shilingi 600,000. Katika Sacco yetu ana akiba ya 200,000, kwa hiyo anaweza kukopa mara tatu, ila lazima apate wadhamini. Mimi nina 280,000, pesa nilizoweka kidogo kidogo tangu niajiriwe. Fomu ya udhamini iko juu ya friji, na kila asubuhi ananiuliza, "Umeomba juu yake?"

Labda nikueleze nilikotoka. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa shirika moja la serikali mpaka alipopunguzwa kazini miaka ya tisini, nikiwa darasa la tatu. Kila Jumapili jioni alitukalisha akatuambia wiki ijayo mambo yatakuwa sawa, kuna mtu amemwahidi kitu. Aliamini kabisa. Mama naye alimwamini, akaendelea kukopa unga dukani. Siku mwenye nyumba alipotia kufuli mlangoni, vitu vyetu viko nje, baba bado alikuwa anasema wiki ijayo. Tangu hapo, nikijiona nimeanza kutumainia kitu, tumbo huvuruga.

Na kuna jambo lingine ambalo mume wangu halijui. Mdosi wangu anafungua tawi Kitengela. Aliniita akanipa fomu ya kuomba kuwa msimamizi wa tawi hilo, irudi kabla ya tarehe 30. Imekaa kwenye droo wiki tatu. Najua sitapata. Mimi sijasoma sana. Nilianza masomo ya uhasibu ya CPA mwaka wa 2017, nikapita hatua za kwanza, kisha nikaanguka karatasi moja na nikaacha. Kichwa changu si cha hesabu. Hata hii kazi niliyo nayo niliipata kwa bahati tu, mdosi alinihurumia. Mimi ndivyo nilivyo, kila kitu nikikigusa hukwama.

Ningevumilia yote haya, Shangazi, lakini wiki iliyopita binti yetu wa Gredi ya 6 alikuja na habari kwamba mwalimu anatafuta mtoto wa kughani shairi kwenye tamasha za muziki. Nikamuuliza kama amejitokeza. Akasema, "Hata nikijaribu sitachaguliwa. Sisi tukijaribu kitu hukataa tu." Ni sauti yangu niliyosikia ikitoka mdomoni mwake.

Je, ni kweli mimi ndiye mkosi? Nitie sahihi au nikatae? Na mtu aliyezaliwa na roho ya woga kama mimi anaweza kubadilika?

Mama wa wawili, Umoja

JIBU

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale jikoni, ulipofungulia mfereji. Pole sana. Kuambiwa mbele ya mashemeji kwamba wewe ndiwe uliyezuia baraka za nyumba ni neno zito hata likisemwa kwa kicheko. Uzito huzidi likisemwa kwa kicheko, kwa sababu ukijibu utaonekana mtu wa hasira.

Kama nimekusikia vizuri, umeniletea mambo matatu katika fundo moja la kanga: sahihi ya udhamini, fomu ya Kitengela, na maneno ya binti yako. Swali la mkosi ndilo lililoyafunga pamoja. Naomba tulifungue hilo kwanza, ndipo mengine yaonekane kila moja kwa ukubwa wake.

Nakumbuka vizuri mwaka wa kware. Watu waliambiwa yai lile linatibu karibu kila ugonjwa, bei ikapanda, na kila mwenye nafasi nyuma ya nyumba akatafuta kibali cha Shirika la Huduma za Wanyamapori akaanza kufuga. Wengi waliokuwa wakinunua mayai na vifaranga walikuwa wafugaji wapya wanaojiandaa kuuza. Walaji walikuwa wachache. Siku wafugaji wapya walipopungua, soko lilikwisha, Limuru na kwingineko. Mvua ya 2019 nayo ilikuwa na sababu yake: maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalipata joto kuliko kawaida, na vuli ile ikafurika Afrika Mashariki nzima. Mashamba yaliyozama mwaka ule ni mengi, ya watu waliokuwa wamekiri ushindi na ya watu waliokuwa wamenyamaza. Mdomo wa mama mmoja wa Umoja haukufikia huko.

Hata hivyo niruhusu nikuulize na upande wako. Ulipomwambia mumeo kware hawatawafikisha popote, ulikuwa umeona kitu, au ulikuwa umeogopa? Nauliza kwa sababu hata matikiti ulimwambia "yatamshinda," na hata kazi ya Kitengela unasema "najua sitapata." Sentensi ni ile ile. Mtu akisema kila siku kwamba mvua itanyesha, iko siku atapatia, lakini jirani zake hawatajua siku ya kuanua nguo. Huenda, na nasema huenda kwa kuwa sikuwa sebuleni kwenu, mumeo hakusikia onyo. Alisikia mlango ukifungwa. Kama ungemuuliza "mayai haya yananunuliwa na nani, na akishashiba?" pengine mngekaa chini mkatafuta jibu wote wawili. Silisemi hili kukulaumu kwa hasara. Nalisema kwa sababu naamini ndani ya hofu yako kuna mhasibu mzuri ambaye hajawahi kupewa nafasi ya kumaliza sentensi.

Sasa tumrudie baba yako, kwa maana naona hapo ndipo maji yanapotokea. Mtoto wa darasa la tatu aliyekaa kila Jumapili akiahidiwa wiki ijayo, kisha akaona vitanda nje, hakuzaliwa na roho ya woga. Alifundishwa na tukio. Alijifunza kwamba anayetumaini ndiye anayeumia zaidi, na kwamba mama aliyeamini ndiye aliyebaki na deni la unga. Ukaamua, kwa akili ya mtoto inayojaribu kujilinda, kwamba wewe hutakamatwa hivyo tena. Kisha ukakua, ukaolewa na mwanamume anayeingia mlangoni akisema mambo yatakuwa sawa! Hukuniambia kama mumeo anaijua hadithi hii ya kufuli. Kama haijui, basi kila anapokuuliza "umeomba juu yake?" anadhani anazungumza na mkewe kuhusu matatu, wakati wewe unamsikia baba yako. Na pengine yeye naye hajawahi kukuambia kwa nini hawezi kustahimili mtu akitaja kushindwa. Watu wachangamfu sana wakati mwingine wana kufuli lao pia, hawalionyeshi tu.

Uliuliza kama mtu anaweza kubadilika. Mwaka wa 1967 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Martin Seligman na Steven Maier, walichapisha majaribio waliyofanya kwa mbwa. Mbwa waliopigwa na umeme ambao hawangeweza kuuzuia kwa lolote walipohamishiwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi tu kungewaokoa, wengi hawakuruka. Walilala chini wakavumilia. Kwa miaka mingi ikasemwa kwamba wamejifunza kukata tamaa. Baadaye Seligman akageukia watu, akachunguza jinsi tunavyojieleza jambo baya likitupata. Aliona kwamba anayekata tamaa upesi husema mambo ya namna tatu: kwamba ubaya huu ni wa kudumu, kwamba umeenea kila mahali, na kwamba chanzo ni mimi. Miaka ya 1980 aliwapima wauzaji wa bima, na wale waliochukulia kukataliwa kuwa jambo la siku hiyo na mteja huyo waliuza zaidi ya wale walioliona kuwa hukumu juu yao.

Tazama barua yako kwa macho hayo. "Mimi ndivyo nilivyo": la kudumu. "Kila kitu nikikigusa hukwama": limeenea. Na karatasi moja ya CPA ikawa "kichwa changu si cha hesabu." Binti yangu, umekuwa karani wa stoo ya vipuri kwa miaka tisa! Ni nani anayejua ni breki pedi ngapi zimebaki, zipi hazitoki, lini ziagizwe, na fundi yupi anadaiwa? Hiyo si hesabu? Lakini jambo jema likikupata maelezo yanageuka, kazi inakuwa bahati na huruma ya mdosi. Ubaya unauandikia hati miliki, wema unaupangisha kwa mwezi.

Nina jirani anayeuza mitumba Gikomba. Akifungua beli, wakati mwingine hukuta kamera tupu, nguo za daraja la juu, na wakati mwingine hukuta fagia, zile za mwisho kabisa. Nimemwona akikaa juu ya beli la fagia, uso umemshuka, kwa sababu hiyo ni pesa ya watu wa chama. Lakini sijawahi kumsikia akisema "mimi huwa napata fagia." Husema beli hili ni baya, na aliyeniuzia simrudii. Kisha huanza kuchambua: hizi za shilingi ishirini, hizi za matambara ya gereji. Wala si mtu wa kujidanganya, huhesabu hasara yake mpaka senti. Ila beli baya kwake hubaki kuwa beli.

Kuhusu wale mbwa, naomba usikilize hili. Mwaka wa 2016, karibu nusu karne baadaye, Maier na Seligman waliandika upya na kusema walikuwa wameielewa kinyume. Uchunguzi wa ubongo ulionyesha kwamba kulegea ndiko mwili hufanya wenyewe mateso yakirefuka. Kinachofunzwa ni kule kutambua kwamba kuna kitu ninaweza kufanya. Yaani hukujifunza udhaifu ambao sasa inabidi uung'oe. Mtoto wa darasa la tatu hakuwa na la kufanya kweli, mlango ulitiwa kufuli na watu wazima. Wewe wa leo una droo, kalamu na 280,000 zako, lakini mwili haujazoea kujua hivyo. Mazoezi hayo huanza kwa vitu vidogo, na sioni kwa nini umri wa miaka 37 uwe umechelewa.

Wala sikuombi uwe kama mumeo. Mwaka wa 1986 Julie Norem na Nancy Cantor, watafiti wa Marekani, waliandika juu ya watu wanaojiandaa kwa kuwaza yote yanayoweza kuharibika. Watu hao hushusha matarajio, huorodhesha mabaya, kisha huyafanyia kazi moja moja, na hufanya vizuri sawa na wenye matumaini. Walipotiwa moyo kwamba watafanya vizuri tu, ndipo walipofanya vibaya. Hofu kwao ni chombo cha kazi. Tofauti yao na wewe ni kwamba hofu yao huwatoa kitini. Ya kwako, kwenye Kitengela, imekukalisha wiki tatu.

Na mumeo je? Tumaini lake lina nguvu, na nisingependa kulizima. Bila mtu kama yeye nyumba nyingi zingekaa zikingoja mpaka watu wazeeke. Lakini mtafiti Gabriele Oettingen aliona, tangu mwaka wa 1991 akiwachunguza wanawake waliokuwa wakitaka kupunguza uzito, kwamba waliojichorea picha tamu zaidi za mafanikio walipungua kidogo kuliko wenzao. Mwaka wa 2002 akachapisha habari za wahitimu wa chuo kikuu: walioota sana kazi nzuri walituma maombi machache, na miaka miwili baadaye walikuwa wakilipwa kidogo. Mwili hufurahia picha kana kwamba jambo limekwisha kutokea, nguvu za kulitafuta zikapungua. Wakati huohuo aliona kwamba kutarajia mema kwa sababu umewahi kuyafanya humsaidia mtu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama mumeo ana imani, unaweza kujiuliza imani yake imemfanya afanye nini wiki hii. Ameketi na mwenye matatu akahesabu? Na mkiwa mnazungumza lugha ya kanisani, mkumbushe kwa upole kwamba hata katika Injili yuko mtu wa kujenga mnara anayeketi kwanza ahesabu gharama, wala hasemwi kwamba amekosa imani.

Basi twende kwenye ile karatasi iliyo juu ya friji.

Ukitia sahihi kwa yote, utanunua amani ya leo, na pengine gari litalipa. Hatari yake unaijua: mkopo usipolipwa, Sacco itakata akiba ya wadhamini, na miaka yako tisa itaondoka bila wewe kuwahi kushika usukani. Kama Sacco yenu hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, shilingi 600,000 kwa miezi 48 ni karibu 15,800 kila mwezi, gari likiwa barabarani au likiwa gereji. Kaeni na hiyo namba. Ingewezekana kuitoa kwenye mishahara yenu miezi mitatu mfululizo bila kugusa karo?

Ukikataa kabisa, akiba yako itabaki. Lakini anaweza kupata wadhamini wengine, deni likaingia nyumbani vilevile, na wewe ukawa nje ya mazungumzo. Kidonda cha "hukuniamini" nacho huchukua muda kupona. Kuna wake waliokataa wakashukuru, na wengine waliokataa wakabaki na ukimya mezani kwa miaka.

Katikati kuna njia ambazo sijui kama mmezifikiria. Katika Sacco nyingi mdhamini huandika kiasi anachodhamini. Unaweza kuweka sehemu ambayo ikipotea utalia lakini utalala. Ulizeni kwenye ofisi yao. Au unaweza kumwomba mumeo muda, na uutumie muda huo kwa maswali ya stoo: jina la nani litakuwa kwenye logibuku, nani atalipa bima na ukaguzi wa gari wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, gari litajiunga na Sacco gani ya matatu na kwa ada gani, dereva na makanga wataleta kiasi gani jioni, siku ya mgomo au ya injini kufa nani atalisha mkopo, na rafiki akitaka kujitoa itakuwaje. Mkataba na huyo rafiki umeandikwa? Wewe unauza vipuri, mama. Unajua kuliko wote watatu gari la namna hiyo hula nini kila baada ya miezi mingapi. Hilo ulilete mezani kama namba, na ulione litapokewa vipi.

Jaribuni pia mchezo mmoja. Kaeni wawili jioni, watoto wakilala, mjifanye ni Desemba ya mwaka ujao na matatu limeegeshwa, halitembei. Kila mmoja aandike kwa nini, peke yake, kisha msomeane. Kisha mgeuze: ni Desemba hiyohiyo na gari linaleta pesa, lilifikaje hapo? Awamu ya kwanza yeye atalazimika kutazama shimo, na awamu ya pili wewe utalazimika kutazama barabara. Inaweza kuwa ngumu. Ikigeuka ugomvi iacheni, na mtafute wazee wawili mnaowaheshimu nyote, ikiwezekana watu wa kanisa lenu waliowahi kufanya biashara, mkae nao.

Na lile neno la mbele ya mashemeji, usiliache lilale. Mwambie mkiwa peke yenu, siku ambayo hamzungumzii pesa, "uliposema vile niliingia jikoni nikalia." Usiongeze kitu. Mwache asikie.

Fomu ya Kitengela ni ndogo kwenye barua yako, lakini mimi naiona kubwa. Kuna sababu za kweli za kusita: barabara ya Mombasa asubuhi unaijua, watoto watafikiwa na nani jioni, na mumeo atalipokeaje kama mapato yako yatapanda. Hizo ni hoja za kupimwa. "Sitapata" si hoja, ni jibu unalojipa kwa niaba ya mdosi ambaye, ukumbuke, ndiye aliyekuita akakupa fomu. Ukiijaza ukakosa, utaumia, na najua kuumia huko kutafanana na kufuli. Usipoijaza hutaumia siku hiyo. Sijui ni lipi utaweza kulibeba zaidi. Kuhusu CPA, mtaala ulibadilishwa mwaka wa 2021, kwa hiyo uliza KASNEB, bodi ya mitihani hiyo, karatasi ulizopita zinahesabiwa vipi sasa. Kuuliza hakukufungi.

Binti yako sasa. Usijichape kwa sauti uliyoisikia; ungekuwa mama asiyejali usingeisikia. Ningekuwa karibu nawe ningekuomba usimwambie "utashinda," kwa sababu mtoto wa Gredi ya 6 anajua wewe hulijui hilo. Mwombe akughanie beti moja jikoni. Msikilize mpaka mwisho. Mwambie ni mstari upi ulisikika vizuri na ni upi alimeza maneno, arudie huo mmoja. Kama hataki kwenda mbele ya mwalimu, usimsukume, mrudie kesho. Na siku moja, ukiona inafaa, mwambie na wewe una karatasi kwenye droo unayoiogopa.

Nina wasiwasi mmoja wa pembeni. Kama huzuni hii imekaa zaidi ya wiki mbili hivi, hulali, chakula hakina ladha, au unafikiri nyumba ingekuwa heri bila wewe, hilo si tabia wala ukosefu wa imani. Nenda hospitali ya karibu umwone daktari, na usingoje fomu ziishe.

Barua yako imenifikia tarehe 17. Kabla hujaamua lolote kuhusu ile karatasi ya droo, kuna swali moja la kumuuliza mdosi, la dakika mbili tu, stoo ikiwa imetulia: "Kwa nini ulinifikiria mimi?" Usimkatize akianza kujibu. Kisha uniandikie, uniambie alisema nini.

Shangazi